MAMBO YA NYUMBANI: Kanda moja, akiba moja, na mashine za kuihifadhi



Juma hili nilikuwa nimewaahidi habari za majiko yanayotumia makaa machache. Habari hizo zitangoja, kwa sababu lipo jambo lililobisha hodi mlangoni pangu, nalo lilihitaji jibu la haraka kuliko majiko.

Mama mmoja wa hapa Kigwena, mjane wa askari wetu ambaye hakurudi kutoka Somalia, alinijia jioni pamoja na mwanawe wa kiume aliyemaliza shule mwaka jana. Alikuwa ameshika kifurushi cha kitenge. Ndani yake mlikuwa na vitu vitatu: kanda ya kamera, kubwa kidogo tu kuliko kibiriti, kadi ya simu iliyofungwa katika karatasi, na orodha ya vyombo, yenye bei zake, iliyoandikwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini. Kanda ni ya harusi yao. Kadi ina picha fupi fupi ambazo marehemu alikuwa akijipiga mwenyewe alipokuwa kazini. Orodha ilikuwa ya kompyuta mpya ya mapajani, kamera kubwa ya begani, kisanduku cha kuhamisha kanda, na mashine ya kuchoma diski saba kwa mara moja.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nikivinunua hivi vyote, mtoto atamwona baba yake?"

Nilimwambia aketi. Kijana alikuwa na swali lake pia, ingawa hakulisema mpaka alipoulizwa. Alitaka vyombo hivyo vimpatie kazi: kupiga picha harusi za huku kwetu, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kuzihariri nyumbani na kuziuza kwa diski. Kazi hiyo ipo, siwezi kuikana. Lakini nilipoigawa akiba ya mama katika mafungu kumi, niliona kwamba orodha ile ingekula mafungu tisa. Tena, jambo la ajabu, baada ya kula mafungu tisa isingeweza kuisoma kanda yenyewe.

Hapo ndipo yafaa tuanze, kwa maana wengi wenu mliomo kambini na majumbani mna kanda za namna hiyo sandukuni. Kabla ya kununua hata waya mmoja, itoeni kanda muitazame. Kanda kubwa nyeusi, ya ukubwa wa kitabu, aghalabu ni ya VHS, aina iliyotoka Japani mwaka 1976 na kuenea dunia nzima. Iliyo ndogo zaidi yenye alama ya VHS-C ni ndugu yake. Hutiwa katika ganda maalumu na kuchezwa katika deki hiyo hiyo. Zipo za milimita 8, ambazo haziingii katika deki yoyote ya VHS hata ukizilazimisha, nami nimeona deki iliyovunjwa meno kwa kulazimishwa. Halafu zipo ndogo kabisa zilizoandikwa Mini DV, za tangu mwaka 1995. Hizi si kama zile nyingine. Zile nyingine hubeba picha kama wimbi, na kisanduku cha bei nafuu cha USB huligeuza wimbi hilo kuwa tarakimu. Mini DV imekwisha kuwa tarakimu tangu siku ilipopigwa. Inachotaka ni kamera ya aina yake iliyo nzima, waya wa FireWire, na kompyuta yenye tundu la waya huo. Kanda ya mama yule ni Mini DV. Kisanduku alichoandikiwa kilikuwa cha VHS.

Sidhani kwamba mfanyabiashara alikusudia kumdhulumu. Nadhani hakuiona kanda, wala hakuuliza.

Sasa niwaungamie langu, maana sipendi kutoa mawaidha kana kwamba nimezaliwa nayo. Nyumbani kwetu palikuwa na kanda ya VHS iliyopigwa Kigoma mwaka 1998, siku ya harusi ya shangazi yangu. Marehemu baba, ambaye alikuwa mvuvi na mtu wa maneno machache, anasimama mle kuwaombea dua maarusi. Ndiyo sauti yake ya pekee iliyokuwa imehifadhiwa. Mwaka 2015 niliipeleka kwa fundi, akaihamisha katika diski moja isiyo na jina, ya zile zinazouzwa hamsini hamsini katika mti wa plastiki. Nilifurahi mno. Nikaibandika diski lebo ya karatasi yenye maua. Kanda, kwa kuwa ilikuwa imeota ukungu pembeni na sikuona kazi yake tena, nikaitupa. Mwaka 2019 nilipoitia diski katika deki, ilizunguka, ikakwaruza, ikaandika kwamba haisomeki. Nimekwenda nayo kwa mafundi wanne. Ningali ninayo.

Kwa hiyo mkiniona ninarudia rudia habari ya diski, mnisamehe. Diski ya filamu inayotoka kiwandani hupigwa mashimo madogo kwa muhuri, lakini diski tunayochoma nyumbani ina rangi nyembamba ambayo mwali wa leza huiunguza. Rangi hiyo haipendi jua, haipendi joto, haipendi unyevu; na sisi tunakaa kando ya Tanganyika, tukiwa na vyote vitatu. Lebo ya karatasi huongeza balaa: gundi yake hula upande wa juu, na karatasi ikikunjamana huifanya diski iyumbe inapozunguka. Andikeni kwa kalamu laini ya wino, karibu na tundu la katikati, basi. Nunueni diski chache za jina linalojulikana, kama Verbatim, mwache zile za mti zisizo na mwenyewe. Mashine ya kuchoma isiachwe ikimbie kadiri iwezavyo. Diski iliyoandikwa 16x ichomeni kwa 8x. Baada ya kuchoma, iamuruni programu ikague diski yote, kisha muifunge, yaani mkamilishe ukurasa wake wa mwisho, la sivyo itacheza katika kompyuta yako na kukataa katika deki ya mteja.

Kuhusu ujazo, DVD ya kawaida huandikwa GB 4.7, ingawa kompyuta itakuonyesha 4.37 kwa namna yake ya kuhesabu. Humo saa moja ya picha huingia kwa uzuri, saa mbili kwa kiasi cha kuridhisha, na ukishindilia saa tatu nyuso zitakuwa kama zimepakwa ugali. Harusi zetu ni ndefu. Ni afadhali diski mbili.

Hapa naingiza neno juu ya kamera, kwa kuwa ndiyo iliyokula fedha nyingi kuliko vyote katika orodha ya mama. Siku hizi kila muuzaji anasifu picha ya 4K. Picha hiyo ina nukta 3840 kwa 2160. Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Ukizidisha utaona kwamba ya kwanza ni kubwa mara 20 kamili kuliko ya pili. Anayenunua kamera ya 4K kusudi achome DVD ni kama anayenunua mapipa ishirini ya mawese ili auze pipa moja. Kijana yule ana simu inayopiga 1080p barabara. Nilimwambia aanze na hiyo, ailaze upande badala ya kuisimamisha, aiweke juu ya mguu wa chuma wa bei ndogo, na anunue kinasa sauti cha waya cha kubana kifuani mwa bwana harusi. Watu husamehe picha yenye kiwi. Hawasamehi harusi ambayo sauti ya mzee wa ukoo imezama katika ngoma. Kamera iwe kitu cha mwisho kununuliwa, tena inunuliwe na faida ya kazi yenyewe.

Kompyuta ndiyo moyo wa shughuli. Ya mapajani ni nzuri kwa askari anayehamishwa mara kwa mara, lakini kwa kazi ya kuhariri nyumbani naipendelea ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini. Kwa bei ile ile huwa na nguvu zaidi, haipati joto upesi, na ikiharibika kipande kimoja hubadilishwa kipande hicho. Tafuteni yenye Intel Core i5 au inayolingana nayo, RAM isipungue GB 8, diski ya SSD ya GB 256 kwa programu, na diski kuu ya pili ya TB 1 kwa picha. Angalieni pia kwamba ina nafasi tupu ya kadi ndani yake, kwa ajili ya tundu la FireWire au lolote litakalohitajika. Mashine ya kuchoma DVD ya kuchomeka ndani ni ya bei nafuu na imara kuliko zile nyembamba za nje. Ile ya kuchoma diski saba kwa pamoja, huyo kijana ataihitaji siku atakapokuwa na wateja wanaodai mamia ya nakala, na siku hiyo haitakuwa mwaka huu.

Mjihadhari na jambo jingine. Kompyuta nyingi za mitumba zinauzwa zikiwa na Windows 10, na Microsoft iliacha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nyingi kati ya hizo haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11. Msikate tamaa. Mfumo wa Linux hauna bei, na ndani yake mna Kdenlive na Shotcut za kuhariri, DVDStyler ya kupanga ukurasa wa diski, na dvgrab ya kuvuta kanda za Mini DV. Zote ni za bure na halali. Wapo wanaotaka DaVinci Resolve kwa sababu wamesikia kwamba hutumika kwenye sinema kubwa. Nayo ina toleo la bure, lakini hudai kadi ya picha yenye nguvu. Katika kompyuta niliyoieleza itakokota kama gari lililobeba ndizi likipanda Bugarama.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika wakati diski inachomwa, diski hiyo imekufa. Ukirudi kwa kishindo, kompyuta yaweza kumfuata. Betri ya UPS pamoja na kidhibiti cha umeme si anasa. Ningeona heri mtu apunguze ukubwa wa kioo kuliko kuviacha hivyo viwili. Na kwa wale wanaonunua vyombo ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kumbukeni kwamba plagi za Tanzania zina meno matatu ya bapa, na soketi zetu ni za meno ya duara. Nguvu ya umeme hailetani matata, ila plagi. Nunueni adapta nzuri, msichonge meno kwa kisu.

Tukiwa bado ng'ambo ya ziwa, kuna jambo linalowachanganya wenye kanda za VHS. Televisheni ya Burundi, iliyoanza mwaka 1984, ilifuata mfumo wa SECAM wa Kifaransa. Tanzania ilifuata PAL. Familia zilizorudi kutoka makambi ya Kigoma, ikiwamo Mtabila iliyofungwa mwaka 2012, zilirudi na kanda za PAL. Ukiitia kanda hiyo katika deki na televisheni za SECAM peke yake, picha hutoka nyeusi na nyeupe, na mwenye kanda hudhani rangi zimekufa. Hazijafa. Tafuteni deki inayosoma mifumo yote miwili. Deki hizo zinazidi kuadimika, kwa kuwa kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwezi Julai 2016. Aliye na deki nzima asiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Na kanda yenye ukungu mweupe isitiwe kamwe katika deki nzima kabla ya kusafishwa, maana ukungu huhamia kwenye vichwa vya kusomea na kanda ya jirani italipa.

Je, diski zenyewe zina maisha marefu? Msomaji mmoja, sajini wa polisi, aliniandikia kwamba kununua mashine ya kuchoma leo ni kununua farasi wakati wa magari. Ana haki kwa kiasi fulani. Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray mwezi Februari 2025, na televisheni nyingi mpya zina tundu la flashi. Lakini piteni jioni katika vijiji vyetu muone deki za DVD zinazofanya kazi chini ya televisheni za zamani. Bibi arusi anataka kitu chenye picha yake juu ya jalada, anachoweza kumkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili. Ushauri wangu kwa kijana ulikuwa kwamba kila mteja apewe diski na flashi pamoja. Flashi nazo zipimwe kwanza kwa programu ya kukagua, kwa kuwa sokoni zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani ni 8; hupokea picha zote bila kulalamika, kisha nusu yake haionekani.

Anayedhani kwamba diski ni kitu duni namkumbusha Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyekuwa mfyatua matofali kabla ya kuwa mtengeneza filamu. Kompyuta zake alikuwa akiziunga mwenyewe kwa vipande vya mitumba, na filamu zake zikiuzwa kwa diski, mlango kwa mlango, na waigizaji wenyewe. Filamu yake ya mwaka 2010, "Who Killed Captain Alex?", imetazamwa duniani kote. Hata hivyo nakala yake ya awali haipo tena, kwa sababu nafasi katika kompyuta ilihitajika kwa kazi iliyofuata. Tunayoitazama leo ni ile yenye sauti ya msimuliaji, VJ Emmie, akicheka na kuchombeza juu ya picha. Laiti siku ile angekuwa na diski kuu moja ya ziada!

Ndiyo maana katika orodha mpya niliyomwandikia mama, mstari wa kwanza ulikuwa diski kuu mbili za nje. Moja ikae nyumbani, ya pili ikae mbali na nyumba. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za pwani, watu walipoteza magodoro na mahindi, lakini wapo waliopoteza pia masanduku ya picha, na hayo hakuna msaada unaoyarudisha. Baada ya diski kuu nikaandika kompyuta ya mezani ya mitumba na kioo chake, UPS na kidhibiti, mashine ya ndani ya kuchoma, diski ishirini, mguu wa simu na kinasa sauti. Kamera ya Mini DV hatukuinunua. Tuliiazima kwa mpiga picha mzee wa Rumonge, aliyeitunza ndani ya fulana. Vyote vilimaliza mafungu sita ya akiba. Manne yamebaki benki, na mama ameapa kwamba hayatoki.

Kadi ya simu tuliihamisha kwanza, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Kanda tuliizungusha mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma bila kuicheza, ili ilegee, maana ilikuwa imelala miaka mingi. Kisha tukaiacha icheze. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 hizo hizo, wala hakuna njia ya kuiharakisha, na saa moja ya Mini DV hujaza takriban GB 13. Mwanzoni palitokea vipande vya miraba ya rangi, mahali kanda ilipochakaa. Kijana alitaka kuvikata. Nilimwambia asikate kitu katika nakala ya kwanza. Akate katika nakala ya pili.

Marehemu hakuwa msemaji siku ya harusi yake. Katika saa nzima anasema maneno machache sana, na mengi yamefunikwa na ngoma. Mara moja tu, akiwa mezani na kipande cha mukeke mkononi, anamgeukia mpiga picha na kusema kwa hasira ya uongo, "Wewe, mbona unanipiga nikila?" Kijana alicheka kwa sauti. Kisha akanyamaza akamtazama mama yake, kwa kuwa kicheko kilichotoka kwake na kile kilichotoka katika kioo kilikuwa kimoja.

Mama akaomba turudishe pale pale. Tukarudisha mara nne. Umeme ulikuwa umekwisha kukatika, na mara ya tano betri ikaanza kulia.